Lami mpya, watoto wavuke vipi?

SWALI: Asalaam aleikum. Barabara yetu huku Pemba ilivokuwa na mashimo gari zilikuwa zinapita pole pole, sasa lami imenyooka basi honda na gari za abiria zinapita kama zafukuzwa. Watoto wanavuka asubuhi kwenda skuli na jioni chuoni. Kila mwaka tunasikia Wiki ya Nenda kwa Usalama, mabango, hotuba, halafu basi. Hizo nchi zilizofanikiwa zimefanya nini hasa?
Mama Watatu, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam dada. Hizo hotuba mimi nshazisikia mpaka nazijua kwa moyo, sisemi hazina maana ila peke yake hazimzuii dereva anaefukuzia hesabu ya tajiri. Sweden mwaka 1997 bunge lao lilipitisha mpango wa sifuri, yaani asife wala asiumie vibaya mtu barabarani, na kilichobadilika pale ni fikra, walikubali kwamba binaadamu atakosea tu, mtoto atachomoka mbio kufata mpira, dereva atasinzia, basi barabara yenyewe ijengwe ili kosa lisizae maiti. Wakatia waya katikati ya njia kuu gari zisivaane uso kwa uso, wakaweka raundabauti, na mitaa mingi mwendo ukashushwa mpaka kilomita 30 kwa saa.

Na hiyo 30 haikuokotwa. Gari ikienda kilomita 60 kwa saa, sekunde moja tu ya dereva kushtuka keshakula kama mita 17, bado breki, nazo zataka masafa mara nne ya gari inayokwenda 30. Hebu hesabu hatua 17 ndefu kutoka mlangoni kwako uone umefika wapi.

Tena si mambo ya Ulaya tu. Dar hapo kuna mradi wa SARSAI, wanaangalia watoto wa skuli wanapita wapi kisha wanatia matuta, vivuko na njia za miguu, na mwaka 2019 ulipata tuzo ya kimataifa ya miji. Saruji na rangi, basi.

Nyinyi mwendeeni sheha pamoja na mwalimu mkuu, mukaandike saa ngapi watoto wanavuka na pahala gani hasa, barua iende kwa wahusika wa barabara. Ila musifanye kama vijana wa mtaani kwetu Unguja, walilundika mawe na mchanga usiku wakaita tuta, hakuna rangi hakuna alama, alfajiri akaja mzee na vespa yake akaangukia mtaroni na kapu la samaki. Mzee kapona, samaki kala paka.