Pikipiki kubwa au ndogo? Majibu yenu ya Malindi

Maswali yamejaa tena, na kama kawaida nusu yake ni lile lile limebadilishwa kanzu: nikiongeza cc, yaani ukubwa wa injini, nitaongeza raha? Nimechagua machache. Wale wote walioandika "niambie pikipiki nzuri ni ipi" bila kusema wanaenda wapi, wanabeba nini, wala mfukoni kuna kiasi gani, jibu lao ni hili: ile yenye breki. Wengine tuendelee.

Jirani yangu Mtaliano anarudi kwao, na anauza BMW R 1250 GS yake kwa bei ya kutupa. Mimi huenda Watamu kila siku kazini, na Mombasa mara moja moja. Niichukue? (Msomaji, Casuarina)

Usiichukue.

Sibishi kwamba ni mashine ya maana. Injini ya cc 1254, silinda mbili zimelala moja kushoto moja kulia, shafti badala ya cheni, tangi la lita 20. Iliundwa kwa ajili ya mtu anayekula kilomita 600 kwa siku, mke nyuma na masanduku matatu, na akifika bado ana nguvu za kugombana na mwenye hoteli. Ungeniambia unapandia Isiolo mpaka Moyale uvuke kuingia Ethiopia, ningekuja kukuaga. Lakini wewe unaenda Watamu! Ni kilomita ishirini na kitu, na ndani yake kuna matuta, watoto wa shule, tuktuk za kukata kona bila kuangalia na matatu za kusimama popote abiria anapoinua kidole. Gia ya sita utaiona kwenye kitabu cha maelezo tu.

Kisha uzito. Hiyo GS ikiwa na mafuta ni kilo 249. Boxer 150, ile ya boda, ni karibu nusu yake. Mwambie huyo jirani akuruhusu uilaze mchangani, si kwenye lami, halafu uiinue peke yako. Akikataa, umeshapata jibu. Akikubali, utalipata dakika moja baadaye. Njia zetu za ndani, hasa ukishaiacha lami kuelekea Mayungu, ni mchanga unaomeza gurudumu la mbele. Mwenye pikipiki kubwa akianguka huko, hukaa kivulini kungoja vijana wanne na kujadiliana nao bei. Mwenye ya cc 125 huiinua, hujipangusa magoti, na akawa ameshaondoka kabla mtu hajamwona.

Bei ya kutupa nayo ni ya mlangoni. Ndani kuna tairi ambazo usitarajie kuzikuta kwenye duka la spea hapa mjini, na kompyuta ambayo fundi wako wa chini ya mwembeni hana chombo cha kuisoma. Plagi ya Boxer utaipata Gongoni, utaipata Marereni, na usiku wa Jumamosi kuna mtu atakufungulia duka. Mafuta je? Kwa kilomita mia, GS hunywa karibu lita tano, Boxer lita mbili na pengine isizimalize. EPRA, wale wapanga bei ya mafuta, wakitangaza bei mpya tarehe 14, utanikumbuka.

Ila haya yote ni hesabu, na najua mwenye kupenda pikipiki hapigi hesabu. Basi nikuambie jambo la raha yenyewe. Raha iko katika kuitumia mashine yote. Toka mjini na 125, vuka daraja la Sabaki, elekea Mambrui. Gia zote umezitumia, mkono umeukunja mpaka mwisho, injini inalia kwa furaha, na mwendo ni 70 tu. Unanusa samaki, ukipita Gongoni unanusa chumvi, na mtu ukimsalimu kwa jina anakuitikia. Kwa 70 hiyo GS bado iko usingizini. Ili uionje lazima ufike 140, na kwa mwendo huo mbuzi mmoja wa Matsangoni anatosha kumaliza habari yako.

Nataka kuchukua mkopo ninunue pikipiki ya cc 650 niwabebee watalii. Wazo zuri? (Msomaji, Maweni)

Hapana. Mtalii hupanda iliyo karibu na geti.

Nina Boxer 150, nataka kwenda nayo Lamu. Vijana wa maskani wananicheka, wanasema hiyo ni ya boda, si ya safari. (Msomaji, Kisumu Ndogo)

Waache wacheke, wengi wao hawajavuka Garsen. Honda walitoa Super Cub mwaka 1958 ikiwa na injini ya cc 49, na kufikia 2017 walikuwa wameshatengeneza zaidi ya milioni 100 za ukoo huo. Hakuna chombo cha moto kilichotengenezwa kwa wingi kama hicho, na kuna watu walioizunguka dunia juu yake. Wewe unayo cc mara tatu yake na unaogopa Mokowe, gati ya kuvukia Lamu?

Ni kilomita mia mbili na ishirini hivi, lami. Tangi lako linatosha kukufikisha na kubaki, ila jaza hata hivyo. Kaza cheni jana yake, si asubuhi ya safari. Ondoka baada ya swala ya alfajiri, shika 60 hadi 70, na kila baada ya saa moja simama uipumzishe injini nawe upumzishe makalio. Ukifika darajani Sabaki wakati wa kusi, shusha mwendo, kwa sababu upepo ule huja kwa ubavu na pikipiki nyepesi husukumwa. Hilo nakiri: hapo mwenye chuma kizito ana raha kuliko wewe.

Mbele ya Minjila mambo ni mawili. La kwanza ni usalama: uliza kizuizi cha polisi kabla hujaendelea, beba kitambulisho, leseni na bima, na jua lisikuzamie njiani. Usinibishie hapa. La pili ni maji. Tana ikifurika, barabara upande wa Gamba hukatika, kama ilivyokuwa Novemba 2023. Usilifuate lori kwa sababu limepita. Lori lina tani zake, na maji ya magoti yanayokwenda kwa kasi yanaweza kukuchukua na Boxer yako mkaokotwe bondeni.

Ukifika Mokowe, egesha mahali penye mlinzi, panda boti. Tafadhali sana usitafute mtu wa kukuvushia pikipiki. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na vichochoro vyake havikujengewa silensa. Mwenye haraka Lamu ana punda, na punda mwenyewe hana haraka.

Naweza kukatiza Tsavo Mashariki kwa pikipiki kupitia lango la Sala?

Huwezi. KWS, wenye mbuga, hawaruhusu pikipiki mle, ndogo wala kubwa. Simba hasomi cc. Lakini njia ya kwenda langoni kupitia Kakoneni na Langobaya ni tamu mno kwa pikipiki ndogo. Nenda, kunywa soda, geuza. Na ukikaribia kule punguza mbwembwe: ndovu hajui mpaka wa mbuga uko wapi.

Nikitoa matumbo ya silensa, 125 yangu itavuta zaidi? (Kijana wa Muyeye)

Itapiga kelele zaidi. Nguvu ni ile ile, au ipungue. Na jirani mwenye mtoto mchanga ataanza kukuombea dua usiyoitaka.

Mimi ni mwalimu wa kike Mambrui, na kimo changu ni kifupi. Naambiwa pikipiki si saizi yangu, ninunue skuta. Ni kweli?

Mwalimu, waliokuambia hivyo waliwahi kushika rula? Kiti cha Honda CRF300L, ile ndefu ya vumbi ambayo wanaume wanajigamba nayo, kiko sentimita 88 kutoka chini. Cha GS ni 85 kikiwa kimeshushwa. Hapo hata mimi nasimama kwa ncha za vidole. Lakini hizi ndogo za kazi ziko karibu na 80, na Super Cub ya sasa ya cc 125 ni 78, tena haina klachi ya mkono: unabadilisha gia kwa mguu tu. Anzia huko. Skuta ni nzuri kwa lami ya mjini, ila magurudumu yake madogo huzama kwenye mchanga wa kwenu.

Nawe umenipa nafasi ya kusema jambo linaloniudhi. Kule India pikipiki huuzwa na wavu wa chuma ubavuni, kukinga sari ya abiria isiingie kwenye spoki. Huku buibui, dera na leso zinaning'inia juu ya gurudumu linalozunguka na hakuna anayejali. Wavu haupo, au umefunguliwa ili ubavuni pakae jerikeni. Kifuniko cha cheni nacho kimekatwa nusu. Dada zangu, kabla mwenye boda hajaondoa, kusanyeni nguo yote mbele, muikalie. Nanyi vijana wa boda, geuzeni shingo mtazame kabla ya kuachia klachi. Nguo ikishikwa na cheni haichaniki upesi kama mnavyodhani, humvuta aliyeivaa.

Si kweli kwamba kubwa ni salama zaidi, maana zina ABS, breki zisizofunga gurudumu, na diski pande zote? (Msomaji, Ngala)

Nusu ni kweli, na nusu hiyo ni kubwa. Kwenye breki, ndogo imeshindwa. Diski yenye ABS hukusamehe ukiibana kwa woga. Breki ya ngoma haikusamehei. Lakini mnajua tatizo la hapa si breki zilizotoka kiwandani. Pita kwenye stendi yoyote ya boda mjini utazame levya ya mbele, ya mkono wa kulia. Moja imelegezwa mpaka inagusa mpini. Nyingine waya umefunguliwa kabisa, unaning'inia. Ukiuliza unaambiwa, "Hiyo ya mbele inapindua." Huu ni uzushi uliozika watu. Ukifunga breki, uzito wote wa mwili na wa chombo hulalia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linaloweza kusimamisha. La nyuma peke yake litateleza tu, likulaze. Kwenye mchanga, naam, uguse kwa vidole viwili na kwa adabu. Kwenye lami kavu, tumia zote mbili, ya mbele ukiibana polepole kisha kwa nguvu. Jifunzeni kwenye uwanja mtupu kwa mwendo wa 20, msingoje siku ya lori.

Na hiyo ABS ina mtego wake. Aliyenayo hukimbia zaidi, na ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inazidi mara nne. Hakuna kifaa kinachokufutia hesabu hiyo. Abiria ni mmoja, sheria imesema. Kofia ngumu ifungwe kamba kidevuni. Isiyofungwa huruka kabla yako. Kama ya abiria inanuka, vaa kitambaa ndani. Nimeshasema hili mara ngapi?

Shikamoo mwandishi. Nina miaka 58, na mgongo wanisumbua nikikaa saa moja juu ya Boxer. Nihamie kubwa? (Mzee wa Barani)

Marahaba, ingawa tunakaribiana. Kabla ya kutoa pesa, chutama nyuma ya pikipiki yako uangalie spiringi. Chini yake kuna pete yenye ngazi. Wauzaji na mafundi wengi huizungusha hadi ngazi ya juu kabisa, kwa sababu wanajua itabeba magunia. Wewe huna gunia, uko peke yako, kwa hiyo kila shimo linakupiga teke la kiuno. Mwambie fundi airudishe chini ngazi mbili. Pili, bonyeza sponji ya kiti: kidole kikigusa ubao, peleka kwa mshona viti. Tatu, upepo wa tairi usizidi ulioandikwa.

Ukiyafanya hayo na bado unaumia, basi nitakubali uhamie, ila si kwenye mlima wa kilo mia mbili. Tafuta ya cc 250. Ni kweli kubwa hubembeleza mgongo ikiwa safarini, sitakudanganya. Lakini mgongo wa mzee hauvunjwi safarini, huvunjwa nyumbani, unapoirudisha nyuma ikiwa imezimwa, langoni, mchangani, mjukuu akitazama.

Nakaa karibu na bahari na cheni inashika kutu kila wiki. Niipake oili chafu ya injini? (Wasomaji watatu tofauti, jamani!)

Hapana, hapana na hapana. Oili chafu ina vumbi la chuma ndani, na ikikutana na mchanga wetu inageuka tupa. Ioshe kwa maji baridi, si ya kisima chenye chumvi. Iendeshe kidogo ipate joto, kisha paka oili safi ya gia upande wa ndani wa cheni ukizungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Ngoja, futa ya ziada. Ukiipandisha na kuishusha kwa kidole icheze sentimita mbili hadi tatu. Ikikazwa kama waya wa nguo inakula beringi. Na acheni kwenda kupiga picha za kuuza sura ndani ya mawimbi pale Silversand, halafu mniulize kutu imetoka wapi. Sproketi ikishachongoka meno, badilisha zote, ya mbele, ya nyuma na cheni, siku moja.