Familia iende Kapkwai kwanza

Swali la wiki lilitoka kwa mama mmoja wa Tororo, mashariki mwa Uganda: wana siku moja tu ya kutembea Mlima Elgon, yeye na mumewe, watoto wa miaka saba na kumi na mmoja, pamoja na mama mkwe ambaye bado ana nguvu zake. Wazunguke maporomoko ya Sipi, au waingie msitu wa Kapkwai?

Dada yangu, nendeni Kapkwai. Najua ukiuliza mjini Mbale wengi watakwambia Sipi kabla hujamaliza swali, na sababu wanazo: lami inafika mpaka pale, maporomoko ni matatu, na lile kubwa linadondoka karibu mita 100. Lakini Sipi huonekana nyepesi kwa sababu watu huitazama wakiwa wamesimama juu. Ukitaka kufika chini ya poromoko kubwa unateremka genge lenye udongo unaoteleza, mahali pengine kwa ngazi, na ulichokiteremka lazima ukipande. Mzunguko wa maporomoko yote huchukua takriban saa nne kwa mtu mzima anayetembea bila kusimama ovyo. Mtoto wa miaka saba husimama kila penye maji, na ana haki hiyo. Isitoshe, sehemu kubwa ya njia inapita mashambani, kwenye kahawa na migomba, ambako jua la saa sita halina huruma.

Mimi nikipanga matembezi ya familia huuliza jambo moja kabla ya kilomita: mtu akichoka katikati, tunakatizia wapi? Hapo ndipo Kapkwai inaposhinda. Kituo cha matembezi cha Kapkwai kiko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kina njia tatu za mzunguko. Ndefu ni ya kilomita 7, inayopita pangoni na kuingia kwenye mianzi. Ya kati ni ya kilomita 5, inayokwenda maporomoko ya Chebonet. Fupi ni ya kilomita 3, inayopanda ukingo wa mlima taratibu. Uzuri wake ni kwamba hii fupi inaziunganisha zile mbili. Anzeni na nia ya kwenda kwenye mianzi. Mkiona mama mkwe amechoka au mdogo ameanza kudai mgongo wa baba, ombeni kurudi kwa njia fupi, na hakuna atakayejiona ameshindwa.

Msidanganyike na ile ya kilomita 5 kwa kuwa iko katikati. Kuna mahali inapanda kwenye mwanya wa mwamba, na hapo mtoto mdogo na mtu mzima mwenye magoti mabovu watapata shida. Kwenu nyinyi, mianzi au njia fupi. Chebonet iacheni.

Na mianzi yenyewe ni somo. Watoto waliokula malewa kwa karanga nyumbani kwa Wagisu wataona chakula kile kilitoka wapi: machipukizi ya mianzi ya mlima huu huu, yaliyokaushwa kwa moshi. Mkikaa kimya kidogo mnaweza kuwaona mbega wakiruka juu ya miti. Mkifika pale penye mwonekano na mawingu yakikubali, mtaviona vilele vya Elgon kwa mbali, na mtoto mkubwa anaweza kuambiwa kwamba kirefu kuliko vyote, Wagagai, kina mita 4,321, na kwamba mlima huu wote ulikuwa volkano. Msitu nao unawapa kivuli karibu njia nzima.

Kuhusu pesa: Kapkwai mtalipa kiingilio cha hifadhi na mtatembea na askari wa Mamlaka ya Wanyamapori. Bebeni vitambulisho, maana raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni wa mbali. Sipi haimo ndani ya hifadhi. Njia zinapita kwenye mashamba ya watu, kwa hiyo mtalipa kiongozi wa kijijini na huenda mkadaiwa ada ndogo ndogo njiani. Siwalaumu wenyeji hata kidogo, ardhi ni yao. Patanisheni bei yote kabla hamjapiga hatua ya kwanza, na muulize kama ada hizo zimo ndani yake.

Ondokeni alfajiri. Mvua ya Elgon hupenda mchana, hata katika miezi yenye nafuu ya Desemba hadi Februari, na udongo ule ukilowa hata viatu vizuri huteleza. Gambuti kwa watoto zinafaa kuliko raba. Sweta msisahau.

Kurudi Mbale mtapita Sipi vilevile, kwa kuwa Kapkwai iko mbele yake. Simameni mtazame poromoko kubwa kutoka juu, mnywe kahawa ya pale pale, lakini msiwateremshe watoto gengeni jioni hiyo.

Jambo moja tu lingenifanya nibadili jibu. Barabara inayoacha lami kuingia Kapkwai ni ya udongo. Kama mvua imenyesha usiku kucha na gari lenu ni dogo, bakini Sipi, chukueni poromoko la juu peke yake, na Kapkwai iwekeni likizo nyingine.