Wasomaji Wanauliza: Kura 10,231 zilivyozishinda kura 23,275

SWALI: Mhariri, salaam. Nina orodha ya matokeo ya uchaguzi ya jimbo la zamani la Bristol South East, Uingereza. Uchaguzi mdogo wa 1961 umeandikwa hivi: Tony Benn wa Labour kura 23,275, Malcolm St Clair wa Conservative kura 10,231. Ukurasa wa pili, kwenye orodha ya wabunge, mbunge wa 1961 hadi 1963 ni St Clair. Mchapaji kakosea wapi?

JIBU: Hajakosea popote. Kura zilimpa Benn ushindi wa tofauti ya 13,044, kisha mahakama ikampa St Clair kiti. Jimbo hili liliishi kuanzia 1950 hadi 1983, likapiga kura mara 13: chaguzi kuu 10 na chaguzi ndogo 3. Mara zote 13 Labour iliongoza. Hata hivyo Conservative ilikaa kwenye kiti hicho miaka miwili.

Chanzo ni urithi. Baba yake Benn, William Wedgwood Benn, alikuwa mbunge wa miaka mingi. Mwaka 1942 alipewa ulodi, yaani cheo cha kikabaila, akawa Viscount Stansgate, wakati Labour ilipohitaji watu zaidi katika Baraza la Malodi, yaani bunge la juu lisilopigiwa kura. Ulodi wa aina hiyo ulirithiwa na mtoto wa kiume mkubwa. Mkubwa alikuwa Michael, lakini alifariki 1944 akiwa rubani wa jeshi la anga. Zamu ikamwangukia Tony, ambaye tangu Novemba 1950 alikuwa mbunge wa Bristol South East.

Mzee alifariki tarehe 17 Novemba 1960. Kwa sheria ya wakati ule, lodi hawezi kuwa mbunge wa bunge la chini. Benn hakula kiapo wala hakuomba hati ya kuitwa kwenye Baraza la Malodi, akidhani kwamba bila hati hiyo hajawa lodi kamili. Hoja hiyo haikumsaidia, kwa sababu kilichomwondolea sifa ni ulodi wenyewe, ambao humshukia mrithi baba anapokata roho. Kamati ya bunge ikasema kiti ki wazi, na uchaguzi mdogo ukapigwa tarehe 4 Mei 1961. Benn akagombea tena akijua fika alipo. Akashinda, akaenda bungeni, akazuiwa mlangoni kwa amri ya Spika.

Wengi huuliza aliwezaje kuteuliwa kugombea ikiwa hana sifa. Msimamizi wa uchaguzi wa Uingereza hukagua fomu tu: jina, anwani, saini za wadhamini, dhamana imelipwa. Kuhukumu kama mgombea ana sifa za kuwa mbunge si kazi yake. Kazi hiyo ni ya mahakama, tena baada ya kura kuhesabiwa, na anayetaka kulalamika ana siku 21 tu za kufungua kesi tangu matokeo yarejeshwe. St Clair alifungua. Majaji wawili walimsikiliza Benn akijitetea mwenyewe, na tarehe 28 Julai 1961 wakatoa hukumu dhidi yake.

SWALI: Sawa, Benn hakuwa na sifa. Lakini kwa nini uchaguzi haukurudiwa? Aliyeshindwa kwa kura zaidi ya elfu kumi na tatu anapewaje jimbo?

JIBU: Hapa ndipo penye kiini cha kesi yote, na ndipo vitabu vingi hupita mbio.

Aliyeshinda akikutwa hana sifa, mahakama ina njia mbili. Ya kwanza ni kufuta uchaguzi ili urudiwe. Ya pili ni kuzihesabu kura zake kuwa zimetupwa, kama vile zimepigiwa mtu aliyekwisha kufa, na hapo wa pili anakuwa wa kwanza. Njia ipi ifuatwe hutegemea swali moja: je, wapiga kura walijua jambo linalomwondolea sifa kabla ya kupiga kura? Kama hawakujua, hawana kosa, warudie. Kama walijua wakaendelea kumpigia, wamezitupa kura zao kwa hiari.

Kinachotakiwa wajue ni jambo lenyewe, si sheria. Mpiga kura hahitaji kujua kifungu fulani kinasemaje. Inatosha ajue kwamba huyu ni lodi. Ndiyo maana upande wa mpinzani hutoa matangazo mapema yenye maneno makavu: fulani amerithi ulodi, hana sifa, kura atakazopigiwa zitakuwa zimetupwa. Upande wa St Clair ulifanya hivyo.

Na kampeni ya Benn nayo ilimfunga. Hakugombea kwa kujificha. Hoja yake kubwa jimboni ilikuwa kwamba watu wa Bristol wana haki ya kumchagua wamtakaye hata kama amerithi ulodi asioutaka. Kila mkutano aliofanya ulikuwa ushahidi kwamba wapiga kura walijua. Kisiasa ilikuwa kampeni safi, lakini mahakamani ilimwondolea njia ya kwanza. Chumvi juu ya kidonda, St Clair mwenyewe naye alikuwa kwenye mstari wa kurithi ulodi.

Kanuni hii haikutungwa kwa ajili ya Benn. Katika uchaguzi mkuu wa 1955, Ireland ya Kaskazini ilichagua wafungwa wawili wa Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland yote iwe nchi moja huru, ambao sheria iliwanyima sifa: Philip Clarke huko Fermanagh and South Tyrone, na Tom Mitchell huko Mid Ulster. Kiti cha Clarke alipewa mpinzani wake, Robert Grosvenor. Huko Mid Ulster mambo yakawa kichekesho. Kiti cha Mitchell kilitangazwa kuwa wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa, Mitchell akashinda tena, mahakama ikampa kiti aliyeshindwa, Charles Beattie. Kisha ikagundulika Beattie naye hana sifa, kwa kuwa alishika nyadhifa za malipo za serikali. Jimbo likapiga kura mara ya tatu mwaka 1956.

SWALI: Si angekataa tu huo urithi? Mtu analazimishwaje kuwa bwana mkubwa?

JIBU: Kabla ya 1963 alilazimika. Ulodi haukuwa zawadi ya kupokea au kurudisha. Uliandamana na damu. Benn alijaribu kujinasua baba yake akiwa bado hai, kwa muswada wa 1955 uliomhusu yeye peke yake, ukakwama.

Baada ya aibu ya Bristol serikali ya Conservative ikaleta sheria ya jumla, Sheria ya Ulodi ya 1963. Mpango wa awali ulikuwa ianze kufanya kazi bunge likishavunjwa kwa uchaguzi mkuu. Walioirekebisha ianze mara moja ni malodi wenyewe. Ilipata idhini ya Malkia tarehe 31 Julai 1963, kama saa 12 jioni. Saa 12 na dakika 22 Benn alikuwa ameshaukana ulodi wake, mtu wa kwanza kufanya hivyo.

Masharti yake yanafaa kujulikana, maana muda ndio mtego. Anayerithi baada ya sheria kuanza ana miezi 12 ya kuamua. Akiwa tayari ni mbunge wa bunge la chini, anapewa mwezi mmoja tu. Waliokuwa malodi wa kurithi siku sheria ilipoanza walipewa miezi 12 kuanzia siku hiyo. Hati ya kukana hupelekwa kwa Lodi Chansela, ofisa mkuu wa sheria serikalini, na ikishapokelewa hairudishwi. Anayekana hukana kwa ajili yake mwenyewe tu. Ulodi hulala hadi afe, kisha humwendea mrithi. Benn alifariki 2014, na mwanawe Stephen akawa Viscount Stansgate wa tatu.

Dirisha lile la miezi 12 ndilo lililomwezesha Lord Home wa Conservative kuwa waziri mkuu kwa starehe zaidi: aliteuliwa Oktoba 1963, akaukana ulodi siku chache baadaye, akaingia bunge la chini kwa uchaguzi mdogo wa Kinross and Western Perthshire mwezi Novemba. Chama kilichokuwa kimepata kiti cha Benn mahakamani kilivuna kuliko Benn.

SWALI: St Clair alitokaje? Nimesoma kwamba mbunge wa Uingereza haruhusiwi kujiuzulu.

JIBU: Ni kweli haruhusiwi, tangu azimio la bunge la 1624. Njia ni ya kuzunguka. Mbunge humwomba Waziri wa Fedha ampe mojawapo ya nyadhifa mbili za jina tu, usimamizi wa Chiltern Hundreds au wa Manor of Northstead. Hakuna kazi wala mshahara, lakini kisheria ni wadhifa wa malipo chini ya Mfalme au Malkia, na anayeushika hupoteza ubunge papo hapo. St Clair alikuwa ameahidi kumpisha Benn akipata tena sifa. Akatimiza, kwa njia hiyo hiyo.

Uchaguzi mdogo ukapigwa tarehe 20 Agosti 1963. Conservative na Liberal hawakusimamisha mtu. Benn alipata kura 20,313. Edward Martell, mhafidhina aliyegombea kivyake kupitia kundi la National Fellowship, alipata 4,834. Wawili waliobaki walipata 287 na 44. Dhamana ilikuwa pauni 150, na ili urudishiwe ilibidi upate zaidi ya moja ya nane ya kura halali. Kura zilikuwa 25,478, kwa hiyo mpaka ulikuwa 3,185. Martell alirudishiwa fedha zake. Hao wawili hawakurudishiwa.

SWALI: Ninaandika insha ya chuo kuhusu mhamo wa kura (kipimo cha asilimia za kura zinavyosogea kutoka chama kimoja kwenda kingine) katika jimbo hili. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na 1959 na 1961, kwa sababu wagombea walikuwa wale wale wawili na hakuna wa tatu wa kuchafua hesabu. Mwaka 1959 Benn alipata 26,273 na St Clair 20,446. Geuza kila moja kuwa asilimia ya kura zote: Benn anatoka asilimia 56.2 hadi 69.5, na St Clair anatoka 43.8 hadi 30.5. Jumlisha alivyopanda mmoja na alivyoshuka mwingine, gawa kwa mbili. Utapata mhamo wa takriban asilimia 13 kuelekea Labour.

Sasa usikimbilie kuandika kwamba watu walihamia kwa Benn. Rudi kwenye kura zenyewe. Benn alipungukiwa kura 2,998, St Clair akapungukiwa 10,215. Hakuna aliyeongeza hata moja. Asilimia haziwezi kukuambia nani alihama na nani alibaki nyumbani, na kosa hilo limejaa kwenye insha za chaguzi ndogo.

Mwaka 1963 usiuweke kwenye hesabu ya mhamo kabisa. Tofauti ya 15,479 inaonekana kubwa kuliko ile ya 1961, lakini hakukuwa na mgombea wa Conservative.

SWALI: Kuna mahali nimekuta Bristol East badala ya Bristol South East. Ni jimbo moja?

JIBU: Hapana, na jina hilo limewapoteza wengi, kwa kuwa Bristol East ni majimbo mawili ya nyakati tofauti. La kwanza lilidumu 1885 hadi 1950. Huko ndiko Stafford Cripps alikoingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Januari 1931, na mwaka huo huo akanusurika uchaguzi mkuu kwa tofauti ya kura 429. Mipaka ilipochorwa upya kwa uchaguzi wa 1950 akahamia Bristol South East iliyokuwa mpya. Alijiuzulu Oktoba mwaka huo kwa ugonjwa, akiwa Waziri wa Fedha, na hapo ndipo Benn alipoingia.

La pili lilizaliwa 1983, mwaka ambao Bristol South East ilifutwa na majimbo ya jiji yakapunguzwa kutoka 5 hadi 4. Benn alikwisha kuponea chupuchupu 1979, kwa tofauti ya chini ya kura 2,000. Akaomba kuteuliwa Bristol South, ambayo kwa Labour ilikuwa salama zaidi, akashindwa katika mchujo wa ndani ya chama na Michael Cocks. Akabaki na Bristol East mpya, na Jonathan Sayeed wa Conservative akamshinda kwa kura 1,789. Machi 1984 alirudi bungeni kupitia Chesterfield, nje kabisa ya Bristol.

Ukiwa na jedwali linalounganisha Bristol South East ya 1979 na Bristol East ya 1983 kwa mstari mmoja na kuonyesha kura za Labour zilivyoshuka, chunguza kama mtengenezaji alizikadiria upya kura za 1979 kwa mipaka mipya. Kama hakufanya hivyo, analinganisha majimbo mawili tofauti, na takwimu hiyo iache.