Kabla hujaipiga Windows ya zamani laptopu mpya, soma yaliyonikuta Mkoani

Assalam alaykum ndugu yangu. Umeeleza kwamba laptopu uliyonunua Darajani imekuja na Windows 11, programu yako ya darizi haiifungui kazi hata moja, na fundi amekwambia dawa yake ni kufuta kila kitu na kuipiga Windows 7. Nakuomba usimpe bado hiyo laptopu. Jambo hilohilo nimelifanya mimi kwa mkono wangu hapa Mkoani, Pemba.

Shemeji yangu anadarizi kanzu na mabuibui. Kompyuta yake ya mezani ilikufa, duka liko karibu na bahari na ubao wake wa ndani ulikuwa umeliwa na kutu. Akaagiza laptopu kutoka Unguja, ikaja na boti, ndani yake Windows 11 Pro. Programu yake inakwenda na kile kifunguo cha USB, ambacho usipokichomeka haifunguki kabisa. Akakichomeka, hamna kitu. Zimebaki wiki tatu Iddi, oda zimejaa. Mimi nikasema, basi turudi Windows 7, ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Kosa langu la kwanza ni kuingia kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine) na kuizima Secure Boot, kinga inayozuia mfumo usiotambulika kuwaka, kabla sijanakili chochote. Nikabuti, yaani nikaiwasha mashine, kwa flashi ya Windows 7. Zile nuru za rangi zikaanza kuja kwenye kioo cheusi, zikaganda kabla hazijakutana. Nikasubiri robo saa, haziendi mbele wala nyuma. Sababu niliijua baadaye: Windows 7 inategemea mtindo wa zamani wa kubuti, na laptopu nyingi za miaka hii hazina tena mtindo huo, zina mtindo mpya uitwao UEFI peke yake. Na hata kwenye mashine zinazokubali, Windows 7 haina draiva (vijiprogramu vinavyoiwezesha Windows kukitumia kifaa) za USB 3 wala za SSD za NVMe, zile diski za kisasa, kwa hiyo unafika kwenye ukurasa wa kwanza na kipanya hakisogei.

Nikasema narudi kwenye Windows 11 ninakili michoro ya wateja kwanza. Ikaja skrini ya buluu inadai namba za ufunguo, tarakimu 48. Ndugu yangu, hapo ndipo mwili uliponifa ganzi. Diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski nzima, tangu siku ya kwanza, na akaunti ilifunguliwa na muuzaji dukani, shemeji hana habari ya ufunguo wowote. Majina yote ya watu waliotaka kudariziwa kanzu za Iddi yako mle ndani. Nikairudisha Secure Boot kama ilivyokuwa, nikawasha tena, ikafunguka bila ya kuuliza. Alhamdulillah. Hapohapo nikanakili michoro yote kwenye diski ya nje, na ule ufunguo nikauandika kwenye karatasi, nikamkabidhi shemeji mkononi.

Siku ya pili nikajaribu Windows 10 ya biti 64 (namna ya kisasa; ya zamani ni biti 32). Kisanduku cha kuchagua diski kilikuwa kitupu, kama vile laptopu haina diski. Hili linawatokea wengi wenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea: kuna kitu kinaitwa VMD kinachosimamia SSD, na flashi ya Windows haina draiva yake. Unaiweka draiva hiyo kwenye flashi mapema, unaipakia palepale kwenye kisanduku, diski inatokea. Ilipomaliza kuingia, waifai haipo. Nikachomeka simu kwa waya na kutumia bando langu kushusha draiva zilizobaki. Leseni haikusumbua, kwa sababu ufunguo wake umo kwenye ubao wa mashine, na leseni ya Pro inayokuja na mashine inaruhusu kurudi kwenye Pro ya nyuma. Ya Home, toleo la nyumbani, haina haki hiyo, kwa hiyo angalia yako ni ipi.

Kila kitu kikawa sawa. Nikachomeka kile kifunguo. Ikatokea alama ya manjano, kwamba draiva yake imekataa, kama ilivyokataa kwenye Windows 11.

Hapa ndipo penye jambo ambalo fundi wako hakukwambia. Windows 10 na 11 za biti 64 zinatumia draiva za namna moja. Draiva iliyokataa kwenye 11, mara nyingi itakataa na kwenye 10. Draiva ya kifunguo cha shemeji iliandikwa kwa ajili ya biti 32, na draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64, iwe ya 7, ya 10 au ya 11. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Siku mbili zile nilikuwa nikiubomoa ukuta ambao tatizo halikuwepo nyuma yake.

Tulichofanya mwisho: alinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, ya zamani, tukaipiga Windows 7 ya biti 32, na intaneti hatukuiunganisha. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu Windows 7 iliachwa kupewa marekebisho ya usalama tangu tarehe 14 Januari 2020. Michoro ile niliyoinakili ikapelekwa huko kwa flashi. Kanzu za Iddi zilitoka.

Mwenzangu mmoja wa Wete alikuwa na tatizo kama lako, lakini draiva yake ni ya biti 64, ila kongwe. Kwake tulifungua usalama wa Windows, tukazima kipengele kinachoitwa "Memory integrity", tukawasha upya, programu ikafunguka. Dakika tano, hakuna kilichofutwa. Kinga ya mashine inapungua kidogo ukikizima, hilo ulijue, lakini ni bora kuliko kukaa na Windows 10, ambayo nayo ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya fundi kuja, nakili kazi zako zote nje ya laptopu. Kisha chomeka kifunguo, fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya mashine ndani ya Windows), tazama kama kuna alama ya manjano, na uangalie kwenye CD au folda iliyokuja na programu kama kuna draiva iliyoandikwa x64, yaani ya biti 64. Nijibu hapahapa umeona nini, na uniandikie modeli ya laptopu na umri wa programu. Kama ipo x64, tutaanza na njia ya Wete.