Maswali na Majibu: Mchezo unaoandikwa kwa kufumba macho

SWALI: Shikamooni. Nasomea sanaa za maonyesho, na kazi yangu ya mwaka inahusu wasanii vijana wa kike wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, nchini Marekani. Nimesoma kwamba baadhi yao hufundishwa kuandika mchezo wa kuigiza wakiwa wamefumba macho. Hufanyikaje? Na msanii akicheza peke yake wahusika watatu, watazamaji hawachanganyikiwi?

JIBU: Marahaba. Njia hiyo ni ya María Irene Fornés, mwandishi wa michezo ya kuigiza na mzaliwa wa Havana, Kuba, mwaka 1930, aliyeanza kuwafundisha waandishi wa Kilatino katika jumba la maonyesho la INTAR, New York, mwaka 1981. Mikononi mwake walipita waandishi kama Cherríe Moraga, Migdalia Cruz na Nilo Cruz, ambaye alipata tuzo ya Pulitzer ya uandishi wa michezo ya kuigiza mwaka 2003.

Mwili hutangulia kalamu: mnanyoosha viungo kwanza. Kisha unakaa, unafumba macho na kurudi mahali unapopajua, tuseme jikoni kwa bibi. Tazama. Dirisha liko upande gani? Mwanga unaangukia sufuria au sakafu? Ukifumbua macho, chora ulichokiona, hata kama hujui kuchora. Ndipo uwaingize watu wawili na uwasikilize. Katikati ya kuandika, mwalimu anatupa sentensi yoyote, na lazima mhusika mmoja aitamke. Sentensi hiyo ngeni ndiyo inayomtoa mwandishi kwenye njia aliyokwisha kujipangia.

Mambo huharibika msichana anapoanza na ujumbe. Akisema "naandika kuhusu uhamiaji", kila mhusika anageuka mhubiri. Aanze na ile sufuria. Uhamiaji utaingia wenyewe. Kosa jingine ni mhusika kusema kwa Kihispania, kisha kurudia yale yale kwa Kiingereza. Watu wa nyumba moja hawaongei hivyo! Mama aulize "¿Ya comiste?" (umeshakula?), binti ajibu kwa Kiingereza kwamba hana njaa, na hata asiyejua Kihispania ameshaelewa.

Kuhusu wahusika watatu, siri iko machoni. Mama akisema na mtoto, anatazama chini kushoto. Mtoto akijibu, anatazama juu kulia. Pembe hizo zisibadilike hadi mwisho wa onyesho. Geuza kichwa kabla ya neno la kwanza, maana ukichelewa, neno la mtoto litaonekana limetoka kinywani mwa mama. Mhusika wa tatu mtofautishe kwa uzito wa mwili, labda asimamie visigino. Usitegemee sauti pekee: koo likichoka, wote watatu wataanza kusikika kama mtu mmoja.