Kabla Hujazidisha: Kugeuza Vipimo vya Sayari Kuwa Kilomita

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma taarifa za anga za juu na kuzieleza kwa Kiswahili, na karibu kila taarifa hutaja umbali kwa vizio ambavyo si rahisi kuvipatia picha: nusukipenyo za Dunia (nusukipenyo ni umbali kutoka kitovuni hadi kwenye uso), nusukipenyo za Mshtarii, vizio vya astronomia. Kuzidisha ni kazi ya sekunde chache kwenye kikokotoo. Kinachohitaji muda, na ninakusihi ukipe muda huo, ni kujua mwandishi ametumia nusukipenyo ipi na ameanza kupima kutoka wapi.

Dunia si tufe kamili. Kwa kuwa inajizungusha kwenye mhimili wake, imevimba kidogo katikati, hivyo kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378.1, ilhali kutoka kitovuni hadi kwenye ncha ni kilomita 6,356.8, na wastani unaotumiwa sana ni kilomita 6,371. Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliweka thamani rasmi za kugeuzia vipimo hivi, na ukaelekeza kwamba mwandishi asipobainisha nusukipenyo anayokusudia, ichukuliwe kuwa ni ya ikweta. Nami hufuata mwongozo huo, isipokuwa taarifa yenyewe inaposema vinginevyo.

Kwa Dunia, tofauti hiyo mara nyingi haibadilishi jambo. Kwa Mshtarii inabadilisha sana, kwa sababu sayari hiyo kubwa ya gesi hujizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa 10, na imebonyea waziwazi kwenye ncha zake: nusukipenyo yake ni kilomita 71,492 kwenye ikweta, kilomita 66,854 kwenye ncha, na wastani wake ni kilomita 69,911. Chukua mwezi wake uitwao Io, ambao huelezwa kuwa umbali wa nusukipenyo 5.9 za Mshtarii. Ukizidisha kwa thamani ya ikweta unapata takriban kilomita 421,800, jibu linalokaribiana sana na umbali unaojulikana wa kilomita 421,700. Ukizidisha kwa wastani unapata takriban kilomita 412,500. Umepoteza zaidi ya kilomita 9,000, na hesabu yako ya kuzidisha haina kasoro yoyote.

Swali la pili ni mahali pa kuanzia kupima. Setilaiti za mawasiliano zinazoonekana kutulia juu ya ikweta zipo kwenye nusukipenyo 6.61 za Dunia, yaani takriban kilomita 42,160, lakini umbali huo ni kutoka kitovuni mwa Dunia. Anayetaka kujua kimo chake kutoka usawa wa bahari lazima aondoe nusukipenyo moja nzima, na hapo anabaki na takriban kilomita 35,780. Takwimu zote mbili ni sahihi na zote hutajwa mara kwa mara, kwa hiyo ukikutana na mojawapo bila maelezo, tafuta kwanza kama sentensi inazungumzia mzingo (njia ya setilaiti kuizunguka Dunia, ambayo hupimwa kutoka kitovuni) au kimo.

Kuhusu desimali, ushauri wangu ni mkali kidogo. Sayari ya mbali ikielezwa kuwa na nusukipenyo 1.6 za Dunia, kikokotoo kitakupa kilomita 10,204.96. Usiandike hivyo. Namba 1.6 yenyewe imekadiriwa, na inaweza kuwa imetokana na chochote kati ya 1.55 na 1.65, yaani kati ya karibu kilomita 9,900 na 10,500. Andika "takriban kilomita 10,200", nawe utakuwa umemtendea haki msomaji.

Kizio cha astronomia, ambacho asili yake ni umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua, hakina utata wa aina hii, kwani tangu mwaka 2012 kimewekwa kuwa mita 149,597,870,700 kamili. Wengi hukifanya kilomita milioni 150, na kwa maelezo ya haraka sina pingamizi. Ila kosa lake hukua kadiri umbali unavyokua: kwa Neptuni, iliyo kwenye vizio 30.07 kutoka kwenye Jua, njia hiyo ya mkato inaongeza takriban kilomita milioni 12, ambazo ni zaidi ya mara 30 ya umbali wa kutoka hapa hadi Mwezini.

Mimi huandika thamani niliyozidishia kando ya jibu, kwa mfano "Mshtarii, ikweta, kilomita 71,492", kisha hugawanya jibu kwa thamani hiyohiyo ili kuona kama ninarudi kwenye namba ya mwanzo. Pia hulinganisha jibu na umbali mmoja ninaoujua kwa kichwa, ule wa Mwezi, wastani wa kilomita 384,400 au nusukipenyo 60.3 za Dunia. Sifuri iliyozidi au iliyopungua huonekana hapo mara moja.