Jibu: Redio mpya inasahau stesheni na saa kila nikizima gari

Mkuu, usirudishe redio dukani, haina ubovu. Ukizima gari ikasahau kila kitu, ujue waya wake wa njano unakosa moto, yaani umeme. Huo ndio wa kumbukumbu, unataka moto wa betri muda wote. Mwekundu ndio wa kuiwasha, wenyewe unasubiri ufunguo ufike ACC (hatua ya kwanza, kabla ya kuwasha injini). Inaelekea fundi wako kazisokota zote mbili kwenye moto wa swichi.

Mimi yalinikuta kinyume chake. Niling'oa redio ya Kijapani kwenye Vitz kwa sababu FM yake iliishia 90, stesheni kibao za hapa haishiki. Fundi akafunga ya Android, akakata soketi ya Toyota (dhambi kubwa hiyo), njano na nyekundu akazipeleka moja kwa moja kwenye moto wa betri. Ikapiga muziki safi. Ijumaa jioni nikapaki, Jumatatu asubuhi stata inagonga ka-ka-ka. Nikanunua betri mpya ya NS40, wikiendi iliyofuata nayo ikalala.

Nikaazima multimeta. Nikafungua kichwa cha hasi cha betri, nikaiweka multimeta katikati kwenye kipimo cha ampia 10, gari limezimwa na milango imefungwa: ampia 0.6. Kioo cha redio cheusi tii, kumbe bado inakula! Masaa 60 mara 0.6 ni ampia-saa 36, yaani karibu betri nzima ya namna ile. Na usipige stata multimeta ikiwa hapo, fyuzi yake inaungua. Niulize mimi.

Wewe huhitaji ampia. Weka multimeta kwenye volti 20 DC, ncha nyeusi iguse chuma cha bodi kisicho na rangi, nyekundu iguse waya wa gari mmoja mmoja. Toyota nyingi, bluu yenye mstari wa njano ni moto wa kudumu, kijivu ni ACC, kahawia ni ethi (hasi). Ila rangi usiziamini, maana huwezi kujua nani alishapita humo kabla yako. Ufunguo ukiwa mfukoni, waya wa gari unaosoma volti 12 na pointi zake ndio wa kuunga na njano ya redio. Unaosoma sifuri mpaka ugeuze ACC, uunge na mwekundu. Kabla ya kuunga, toa kichwa cha hasi cha betri.

Ukikosa kabisa moto wa kudumu, jaribu kuwasha taa ya ndani. Nayo ikigoma, kaangalie fyuzi iliyoandikwa DOME. Kwenye Toyota nyingi ndiyo inayolisha kumbukumbu ya redio, na mafundi huiunguza wakigusanisha nyaya.